Saba na Mbili za Kuikka

Hivi wewe, ukikaa peke yako muda mrefu, hujawahi kusikia nyumba ikikuita jina? Ni ubao tu unaokauka, au bomba linapoa, lakini sikio likishashikwa na njaa halichagui chakula. Aulis alilijua hilo. Tangu mkewe Hilkka alipofariki, saa ya ukutani jikoni ilikuwa ikimsemesha mpaka akaisimamisha. Likabaki friji, nalo likaanza kunguruma kama mtu mwenye neno kinywani anayelimeza. Kwa hiyo alipoanza kuona mambo kwenye karata, tusimcheke upesi.

Alikaa Isojoki, Ufini, kwenye shamba alilorithi kwa baba yake. Viazi vilishatoka ardhini, na mashamba yenyewe alikuwa amemwachia jirani alime. Kazi ya siku ilikuwa kupasua kuni, kuwasha jiko, kuchemsha kahawa. Akishakunywa kahawa ya mchana, na kipande cha mkate wa rai chenye jibini juu, alifuta kitambaa cha plastiki cha mezani kwa mkono, pole pole, makombo yote akayakusanya kwenye kiganja na kuyala. Kisha akaifungua kompyuta na kukaa kwenye meza ya poka ya mtandaoni.

Usidhani alikuwa mcheza kamari. Madau yalikuwa ya senti, hata akishindwa wiki nzima hakupoteza bei ya pakiti ya kahawa. Alichokuwa akikitafuta ni meza yenye watu. Pale kwenye kioo palikuwa na viti sita, na kila kiti kina jina na kipicha, na jina likiwaka ujue kuna mtu mahali fulani, ameketi kama wewe, anafikiri.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Kila mtu anapewa karata mbili za kuficha. Kisha karata tano zinafunuliwa katikati, za wote. Mnapandishiana dau, na anayechukua ni mwenye karata nzuri au mwenye roho ngumu. Asiyetaka anazitupa zake, na zikishatupwa hakuna atakayejua zilikuwa nini. Hakuna mkono wa mtu unaochanganya, mashine ndiyo inayochanganya na kugawa, na mashine haina upendeleo wala kinyongo.

Mchana mmoja wa mvua alikaa mezani mtu aliyejiita Kuikka 58. Kuikka ni ndege wa ziwani, shingo yake ya kijivu, na akilia jioni utadhani ni mtu aliyepotea anaita wenzake. Huyo Kuikka akapandisha dau. Akapandisha tena. Wenzake wakatupa karata mmoja mmoja, Aulis naye akatupa ghulamu wawili wazuri kabisa, maana aliona jamaa ana kitu kikubwa. Kuikka alipokwisha kuchukua kila kitu, akazifunua karata zake mwenyewe bila kulazimishwa na mtu.

Saba na mbili.

Aulis aliweka kikombe chini. Saba na mbili ndiyo karata mbaya kuliko zote katika mchezo ule. Baba yake aliziita karata za kwenda kulala. Zamani, yeye na kaka yake Veijo wakiwa wavulana, Jumamosi wakishaoga sauna, lile bafu la mvuke, walikaa kwenye chumba kidogo cha kuvulia nguo, miili ikitoa mvuke, majani ya matawi ya mbetula waliyojichapia yamewaganda mgongoni, na baba akawafundisha poka kwa njiti za kiberiti. "Ukipewa saba na mbili," alisema baba, "sema usiku mwema." Na Veijo, kwa ukaidi tu, kila alipozipata alizipigania. Alitoa macho makavu kama ya samaki, akasukuma njiti zake zote mbele, baba akatupa, Aulis akatupa, halafu Veijo akazibwaga juu ya benchi, saba na mbili, na kucheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Veijo huyo alikuwa hai, anakaa Kaskinen, ufukweni, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Wala hawakuwa wakizungumza.

Ugomvi wao nitausema kama ulivyokuwa. Ile sauna ya zamani ilikuwa ya magogo, nyeusi kwa moshi, imejengwa na babu yao. Ndimo mama yao alimojifungulia, Veijo kwanza na Aulis baadaye, maana wanawake wa wakati ule walizalia sauna, ndiko kulikokuwa na joto na maji safi. Ikazeeka, ikaoza upande wa ziwani, paa likabonyea. Aulis ndiye aliyebaki shambani, akaona ni mzigo. Mwaka mmoja, kuelekea Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, akaivunja na magogo akayapanga ufukweni kwa ajili ya moto wa sikukuu. Hakumwuliza mtu. Veijo alifika jioni na soseji za kuchoma na mkewe kwenye gari, akakuta moto umeshakolea, watu wa kijiji wanaimba. Akauangalia moto, kisha akaangalia pale kilimani palipokuwa na sauna, akaona anga tupu.

"Hayo magogo umeyatoa wapi?" aliuliza.

"Yalikuwa yameoza," Aulis akajibu.

Veijo akamrudishia mkewe mfuko wa soseji, akaingia kwenye gari. Hakurudi tena. Hakuna matusi yaliyotamkwa, na labda yangetamkwa yangekwisha. Neno lisilosemwa halipoi. Kwenye maziko ya Hilkka, Veijo alileta shada la maua, akaliweka, akainamisha kichwa, akaondoka kabla ya kahawa.

Sasa unaelewa kwa nini Aulis aliweka kikombe chini.

Tangu siku hiyo akawa anamngojea Kuikka. Na kwa kuwa alimngojea, akaanza kuona. 58 ndio mwaka aliozaliwa Veijo. Kuikka ndiye ndege aliyekuwa akilia kwenye ziwa lao, na Veijo alijua kumwigiza kwa kukutanisha viganja vyake. Jumamosi ikifika alasiri, jina la Kuikka lilizimika, halionekani mpaka Jumapili. Mara nyingine, si mara moja, akafunua tena saba na mbili. Siku moja Aulis alijipa moyo, akaandika kwenye kisanduku cha maongezi: "Huko hali ya hewa ikoje?"

Kitambo kikapita. Kuikka akajibu: "Mvua."

Aulis akafungua redio kusikiliza taarifa ya pwani. Kaskinen, mvua.

Basi akafurahi mchana ule mpaka akajikaangia mayai mawili badala ya moja. Aliandikia kampuni yenye mchezo, akauliza kwa adabu Kuikka 58 ni nani. Wakamjibu kwa adabu vilevile kwamba siri ya mteja haitolewi. Hilo nalo akalihesabu kuwa dalili. Ingekuwa si Veijo, si wangesema si yeye?

Jumapili alikuja Saila, binti wa dada wa marehemu Hilkka. Saila alifundisha hesabu shuleni Kristiinankaupunki, mwanamke wa vitendo, viatu vyake siku zote vina matope. Alileta mikate ya maziwa yenye iliki, akaiweka mezani, akamwangalia mzee wake usoni.

"Baba mdogo, una nini? Umenyoa."

"Mtu hanyoi?"

"Jumapili hunyoi wewe. Nani anakuja?"

Aulis akamwagia kahawa, akazungukazunguka jikoni, mwisho akamwambia yote. Saila alisikiliza huku akitafuna. Alipomaliza akapangusa vidole.

"Jumamosi alasiri anapotea?"

"Kila Jumamosi!"

"Baba mdogo. Jumamosi alasiri Ufini nzima imepotea. Iko sauna. Hata wezi hupumzika."

"Na mvua?"

"Mwezi wa kumi huu! Niambie wapi hakuna mvua, niende nikaanike nguo zangu."

"Na hamsini na nane?"

"Watu wangapi walizaliwa mwaka huo? Mkuu wangu wa shule ni wa hamsini na nane, na hajui hata karata ina rangi gani."

Aulis akaona anabanwa. Akatoa silaha yake kubwa. "Sawa, na saba na mbili? Mtu mwenye akili hupigania saba na mbili?"

"Wacheza poka wote wa dunia wana mchezo huo," Saila akasema, sasa kwa upole. "Kumshinda mwenzio kwa karata mbovu kuliko zote, kisha kumwonyesha. Ni utani wao. Wanafunzi wangu wanaufanya, nikiwafumania nawanyang'anya simu." Akasogeza kikombe chake kando. "Na tena, wewe unaziona anazozifunua tu. Zile saba na mbili alizozitupa kimya kimya, ulizihesabu?"

"Nitazihesabuje, wakati sizioni?"

"Ndiyo hapo."

Akainuka, akafungua droo ya kabati, maana aliijua nyumba, akatoa karata za zamani, zimelegea kama ngozi ya kuku. Akazichanganya. Akaweka tano mezani. "Niambie kama kuna la ajabu hapa."

Aulis akavaa miwani. "Zote nyekundu isipokuwa moja."

Saila akazikusanya, akachanganya, akaweka nyingine. "Na hapa?"

"Nne, tano, sita zimefuatana."

"Haya, hapa?"

"Hapa... tisa na tatu. Siku ya kuzaliwa ya Hilkka. Tarehe tisa mwezi wa tatu."

Saila hakucheka. Akamwekea tena, na tena, na kila mara mzee alipata kitu: mfalme karibu na malkia wake, shupaza mfululizo, ree ya kopa iliyomkumbusha siku fulani. Mwisho zikatoka tano za ovyo kabisa, hata yeye akakosa la kusema.

"Hizi hazina kitu," akakubali.

"Lakini hizi, hizihizi tano, ni nadra sawasawa na tano zozote nzuri utakazozitaja. Mashine haijui kwamba ree na mfalme ni watu wakubwa. Sisi ndio tuliowapa vyeo. Hizi hatukuzipa jina, ndiyo maana hatuzioni." Akazirudisha karata kwenye boksi lake. "Baba mdogo, wewe umeshona koti la baba mkubwa Veijo kwanza, sasa unatafuta wa kulivaa. Anapita mtu, unamvisha, unasema limemkaa."

"Limemkaa kweli," Aulis akasema kwa sauti ndogo.

"Kwani huna namba yake ya simu?"

"Ninayo."

"Si umpigie?"

"Nimwambie nini?"

Saila alitazama dirishani, kwenye lile shamba lililolimwa na watu wengine. Alimkumbatia kwa bega moja, kama wanavyofanya kwao, akaondoka na vyombo vyake.

Utasema basi mzee akaelewa. Akili ilielewa. Lakini keshoye mchana, jina la Kuikka lilipowaka, kifua kilijaa vilevile. Alijua kwa nini hakutaka kuelewa. Kama Kuikka ni Veijo, basi Veijo anakuja mwenyewe, kila siku, kukaa meza moja naye, bila kulazimika kuomba radhi wala kuombwa. Ni msamaha usiohitaji mdomo. Lakini kama Kuikka si Veijo, itabidi mtu afunge safari hadi Kaskinen, agonge mlango, na huenda mlango usifunguliwe.

Kisha Kuikka akapotea.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, kiti chake kilikuwa tupu. Jumanne akakaa mtu mwingine. Mvua ikageuka theluji nyepesi isiyokaa, na bado Kuikka haonekani. Aulis alikuwa akiwasha kompyuta hata kabla ya kahawa. Alicheza vibaya, akatupa karata nzuri, akapigania mbovu, jicho liko kwenye majina. Alianza kukumbuka kwamba upande wa baba yao moyo haukuwa imara. Akaona kwa macho yake chumba Kaskinen, kompyuta imewashwa, mtu ameinama juu ya meza. Mke wa Veijo alishafariki, huyo naye alikuwa peke yake. Nani angejua?

Wazo hilo lilipomjia, alifunga kompyuta katikati ya mchezo, na dau lake likabaki mezani. Akavaa koti, akatoka, akasahau hata kufunika jiko. Aliendesha gari akipitia misitu ya misonobari, mikono imeshika usukani kama mtu anayezama. Njiani aliwapita wawindaji wa kulungu wakubwa wa kaskazini wamevaa fulana za rangi ya machungwa, wakampungia mkono. Hakuwaona.

Kaskinen ina barabara pana na watu wachache. Nyumba ya Veijo ilikuwa ya mbao, ya manjano, karibu na gati. Moshi ulikuwa unatoka dohani. Aulis aliuona moshi ule, akakaa kwenye gari mpaka kioo kikaingia ukungu. Anayewasha jiko yu hai. Angeweza kugeuza gari hapo hapo, na aliliwazia hilo. Kisha akashuka, akagonga.

Mlango ulifunguka. Veijo alikuwa amenenepa, amevaa aproni ya plastiki, kisu cha samaki mkononi, magamba yamemganda mpaka kwenye nyusi. Wakaangaliana.

"Nani kafa?" Veijo akauliza.

Maana kwao mtu haji bila taarifa ila kwa msiba.

"Hakuna."

"Saila mzima?"

"Mzima. Mimi nilidhani wewe ndiye..."

"Mimi ndiye nini?"

"Umekufa."

Veijo akajitazama kuanzia aproni hadi viatu, taratibu, kama mtu anayekagua mzigo. "Sijaambiwa," akasema. "Ingia basi, unaniingizia baridi. Futa miguu."

Jiko lilikuwa safi, na mezani, juu ya magazeti, sangara wadogo wenye mistari wamelala, nusu wamepaliwa, nusu bado. Aulis alivua kofia, akaishika mbele yake. Alitafuta kwa macho. Redio, miwani, kalenda ya maduka ya zana, simu ya zamani ya vibonyezo imelazwa juu ya friji. Kompyuta hapana.

"Unatafuta nini?"

"Kompyuta yako iko wapi?"

"Ya nini? Nikapalie samaki?"

"Wewe huchezi poka? Mtandaoni?"

Veijo alishusha kisu. "Aulis, umelewa?"

"Sijalewa. Kuna mtu anajiita Kuikka. Anapigania saba na mbili, kama wewe. Halafu anazifunua."

"Saba na mbili." Uso wa Veijo ulibadilika kidogo tu, kona ya mdomo. "Nilikuwa nikifanya hivyo?"

"Kila mara. Mpaka baba akakukataza kukaa karibu na ndoo ya maji, kwa kucheka kwako."

"Nimesahau." Akachukua samaki, akamwangalia, akamrudisha chini. "Karata sijashika tangu nilipoondoka shambani. Kwa hiyo ukamwona huyo ndege, ukadhani ni mimi. Na ndege akaruka, ukaja kumfuata. Pole, bwana mdogo. Kiota chake si hapa."

Alilisema bila ubaya, lakini likakaa. Aulis alisimama katikati ya jiko lile, kofia mkononi, na kila alichokuwa amekijenga kikawa kimeshuka: mwaka, mvua, Jumamosi, karata. Saila alikuwa sahihi toka mwanzo. Kulikuwa na mtu mahali fulani Ufini, mgeni kabisa, aliyependa utani wa wacheza poka, na huenda amebadilisha meza tu, au kachoka. Mashine ilikuwa imegawa kama inavyogawa. Hakuna aliyemwita.

"Basi nikuache na samaki wako," akasema.

"Haya."

Alifika mlangoni. Akashika kitasa. Kilikuwa kitasa cha shaba, baridi, kimelainishwa na viganja. Nyuma yake hakusikia kisu kikifanya kazi. Akageuka, akamkuta Veijo amesimama vilevile, aproni imemlegea, anamwangalia jinsi mtu anavyoangalia gari linaloondoka kituoni.

"Ile sauna," Aulis akasema. "Ilikuwa yako pia. Ulizaliwa humo kabla yangu. Nilipaswa kukupigia simu, nilijua nilipaswa, ndiyo maana sikupiga. Ungekataa. Kesho yake nilikwenda kuzoa majivu peke yangu, nikakuta misumari ya babu, nikakaa chini nikalia. Sikumwambia hata Hilkka."

Veijo alivuta kiti kwa mguu, kile cha upande wa dirisha, akakisogeza mbali kidogo na meza, lakini hakukikalia yeye.

"Saila alinionyesha kwa hesabu kwamba haiwezekani kujua," Aulis akaendelea. "Alinionyesha vizuri, nikaelewa. Watu elfu na elfu wangeweza kuwa Kuikka. Mimi sikutaka elfu. Kaka, katika wote waliokuwa wanakaa kwenye meza ile, nilitaka awe wewe."